Kuhamisha maktaba ya vipuri vya korona kutoka Inventor 2019 kwenda 2024

SWALI: Shikamoo mhandisi. Karakana yetu ipo Ngamiani, Tanga. Tunachora na kutengeneza vipuri vya mashine za korona (za kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge) kwa mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza. Ndani ya Inventor 2019, programu ya kuchorea ya Autodesk, tumejijengea maktaba yetu wenyewe: shafti, ngoma, visu, nyumba za beringi, pamoja na boliti za DIN (kiwango cha Ujerumani) ambazo tuliongeza safu zetu za bei na namba za stoo. Sasa tumeweka kompyuta mpya zenye Inventor 2024. Kijana wetu alinakili mafaili yote kutoka kompyuta ya zamani, lakini familia zetu (makundi ya kipuri cha aina moja na saizi zake) hazionekani, na tukifungua asembli (michoro ya mashine iliyounganishwa kwa vipuri) za zamani tunaambiwa boliti na beringi hazipatikani. Wenzangu wanasema heri tuijenge maktaba upya, itachukua muda lakini itakuwa safi. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Msiijenge upya. Kama kuna mwenzenu ameshaanza kuchapisha familia ndani ya 2024, mwambie asimame kwanza.

Kila familia ndani ya Content Center, yaani ghala la vipuri la Inventor, ina namba yake ya utambulisho, na kila saizi ndani ya familia hiyo ina yake. Namba hizo hamzioni kwenye skrini. Mnapoweka boliti ya M20 kwenye asembli, Inventor huzalisha faili la .ipt (faili la kipuri kimoja) na kuandika ndani yake imetoka familia gani na ni saizi ipi. Mkitaka kubadili urefu wake miaka mitatu baadaye, programu haiangalii jina wala umbo, inatafuta namba. Familia mpya, hata muiite jina lilelile na kuipa vipimo vilevile hadi nukta ya mwisho, hupewa namba nyingine. Hapo boliti zote zilizomo kwenye michoro yenu ya zamani zitabaki zikionekana vizuri, lakini hazibadiliki saizi wala hazipokei marekebisho ya jedwali, kwa sababu familia iliyozizaa haipo tena. Huo "usafi" wa kujenga upya mtaulipia kila mteja atakaporudi na mashine yake ya zamani. Kinachohamishwa hapa hasa ni hizo namba, na namba husafiri ndani ya faili la maktaba lenyewe.

Kijana wenu hakukosea kwa uzembe. Vitu mnavyoviita "maktaba" ni vitatu, vimekaa mahali patatu tofauti, na kila kimoja kina njia yake ya kuhama. Kuna maktaba yenyewe, yaani mafaili ya .idcl yenye majedwali na violezo. Kuna mafaili ya .ipt yaliyozalishwa kila mlipoweka kipuri kwenye asembli. Halafu kuna data ya kutegemea: malighafi, jedwali la thredi, na mitindo ya michoro. Kwa maelezo yako, la kwanza halikuhama kabisa na la pili limehama lakini halikuelekezwa.

Anzeni na maktaba. Kwenye kompyuta ya 2019, fungueni mipangilio mikuu ya Inventor, kichupo cha Content Center, mtaona njia ya folda inayotumika. Kama hamkuibadilisha itakuwa C:\ProgramData\Autodesk\Inventor 2019\Content Center\Libraries. Folda ya ProgramData imefichwa na Windows, ndiyo maana mtu akinakili kwa kuburuta anachokiona, hii inaachwa. Andikeni njia yote kwenye mstari wa juu wa dirisha mbonyeze Enter, itafunguka.

Humo mtakuta mafaili mengi ya .idcl. Mengi ni ya Autodesk: ISO, DIN, ANSI na mengineyo. Chukueni yale yenu tu. Maktaba za viwango za 2019 ziacheni hapohapo, kwa kuwa 2024 inakuja na zake, na kuzichanganya ni kujitafutia matatizo. Msibadili jina la faili lenu mkidhani mnalipanga vizuri zaidi. Kabla ya kunakili, fungeni Inventor kwenye kompyuta zote zinazoifikia maktaba hiyo. Tengenezeni nakala mbili, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kuwekwa pembeni isiguswe, na hiyo ya pili isikae kwenye diski moja na ile ya kwanza.

Kabla hamjaizima kompyuta ya zamani, fanyeni kazi moja inayochosha lakini muhimu. Fungueni kila familia yenu kwenye kihariri cha Content Center, ingieni kwenye jedwali la familia, bonyezeni kitufe cha kuhariri kwa Excel, na lile jedwali lihifadhini kama faili la pembeni. Toeni pia kiolezo cha familia kama .ipt. Haya si ya kuhamishia. Ni ya kulinganisha baadaye, na ni akiba ikitokea faili la maktaba limeharibika. Angalieni alama ya desimali mkiwa kwenye Excel. Kompyuta iliyotoka Ujerumani ikiwa bado na mipangilio ya kwao, 2.5 itaandikwa 2,5, na jedwali likirudishwa hivyo kwenye kompyuta yenye nukta, namba inaweza kusomeka kama maandishi au kama 25. Lingineni mipangilio ya Windows kwenye kompyuta zote kabla ya kugusa jedwali lolote.

Sasa njooni kwenye kompyuta mpya. Kwanza hakikisheni maktaba za viwango mnazozitegemea zimesakinishwa ndani ya 2024. Boliti zenu za DIN mlizoziongezea safu, kama zilinakiliwa kwa kuunganishwa na familia mama, zinahitaji maktaba ya DIN iwepo ili ziweze kulinganishwa nayo. Kisha wekeni faili lenu la .idcl kwenye folda ile ile ya Libraries, safari hii ya Inventor 2024. Bonyezeni kulia kwenye faili, angalieni sifa zake, na kama lina alama ya kusomwa tu, iondoeni. Mafaili yaliyopita kwenye diski au nakala za akiba mara nyingi huja na alama hiyo, na maktaba isiyoandikika haiwezi kusasishwa.

Fungueni Inventor bila kufungua mchoro wowote. Nendeni kwenye dirisha la miradi, chagueni mradi wenu wa .ipj, kisha kitufe cha kupanga maktaba za Content Center kilicho upande wa chini wa dirisha hilo. Maktaba yenu itaonekana kwenye orodha. Ichagueni, bonyezeni Update, na mwiache imalize. Hakikisheni kompyuta ipo kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya hatua hii, faili linaweza kubaki nusu la zamani nusu jipya, na halifunguki kwenye toleo lolote. Ikitokea hivyo, lifuteni, chukueni nakala nyingine, mwanze tena.

Hatua hii ifanyike kwenye kompyuta moja tu. Ikishakamilika na kukaguliwa, lile faili lililosasishwa ndilo linalonakiliwa kwenye kompyuta nyingine. Kila mtu akisasisha nakala yake na kuanza kuhariri, baada ya miezi miwili mtakuwa na maktaba nne zenye jina moja na bei tofauti. Teueni mtu mmoja wa kuihariri, wengine wawe nayo ya kusomwa tu.

Update ikikataa, sababu huwa ni zilezile: alama ya kusomwa tu, mtumiaji hana ruhusa ya kuandika kwenye folda ya ProgramData, au Inventor nyingine imeifungua maktaba hiyo kwenye mtandao wa ofisi. Yakiwa yote yapo sawa na bado inakataa, piteni kwenye toleo la katikati: isasisheni kwanza kwenye toleo lililo kati ya 2019 na 2024, halafu ndiyo 2024. Leseni ya kulipia kwa kipindi huruhusu kusakinisha toleo la sasa na matatu yaliyotangulia, kwa hiyo ulizeni aliyewauzia mnaruhusiwa yapi.

Jambo moja huwachanganya wengi. Orodha ya maktaba imeandikwa ndani ya kila faili la mradi, haimo kwenye programu nzima. Kama mna miradi kumi ya .ipj, ya shamba hili na lile, lazima maktaba iwekewe alama kwenye yote kumi. Ndiyo sababu mtu anaona familia zenu kwenye kazi moja, akihamia nyingine hazipo, anadhani zimefutika.

Tuje kwenye asembli zinazolalamika. Mafaili ya .ipt yanayozalishwa huwekwa kwa kawaida kwenye Documents ya mtumiaji, ndani ya Inventor, Content Center Files, R2019. Mkiweka 2024, yenyewe inatazama R2024, ambayo ni tupu. Asembli ya zamani inatafuta boliti yake, haioni, inafungua dirisha la kukuuliza iko wapi. Mtu akichoka akabonyeza kuruka zote kisha akahifadhi, anajiongezea kazi ya kuziunganisha tena.

Dawa ni kuacha mpangilio huu wa Documents. Tengenezeni folda moja kwenye seva ya ofisi, mfano S:\Vipuri_CC, na ndani ya kila .ipj, kwenye sehemu ya folda, andikeni njia hiyo mahali pa Content Center Files badala ya kuacha neno la kawaida. Nakilini humo kila kilichomo ndani ya R2019. Chukueni na folda ya lugha iliyomo, mara nyingi en-US, msiingie ndani yake mkatoa folda za familia peke yake, kwa sababu asembli inakumbuka njia kuanzia hapo: en-US, kisha jina la familia, kisha boliti. Kila mwenye kompyuta yake alikuwa na R2019 yake, kwa hiyo kusanyeni zote. Mkikuta jina moja kwenye kompyuta mbili, fungueni zote mbili mlinganishe kabla ya kuchagua ipi ibaki.

Folda moja kwa matoleo yote inafaa tu kama ofisi nzima inahamia 2024 kwa pamoja. Faili likishahifadhiwa na 2024, 2019 haiwezi kulihariri. Kama kuna dawati litakalobaki na 2019 kwa muda, liachieni folda yake tofauti na mradi wake tofauti, na nyinyi wa 2024 mtumie nakala. Mimi ningehamisha ofisi yote mwishoni mwa wiki moja kuliko kukaa miezi na folda mbili.

Mkishaielekeza njia, asembli zitafunguka, lakini huenda zikawa nzito. Vipuri vya Content Center huhesabiwa kuwa mafaili ya maktaba, na Inventor haihifadhi mafaili ya maktaba unapohifadhi asembli. Kwa hiyo boliti 200 za 2019 hubadilishwa kwenda 2024 kila mara mnapofungua ngoma ile ile, na kila mara mabadiliko hayo yanatupwa. Tibuni hili mara moja: tengenezeni mradi wa muda ambao folda yenu ya Vipuri_CC ndiyo eneo lake la kazi, ufanyeni ndio mradi unaotumika, kisha kwenye Task Scheduler ya Inventor undeni kazi ya kuhamisha mafaili kwa folda hiyo nzima. Iacheni usiku. Ikiisha, rudini kwenye mradi wa kawaida, mradi wa muda ufuteni.

Malighafi ndipo makosa hupita bila kuonekana, kwa hiyo hapa msiharakishe. Familia haibebi malighafi yenyewe, inabeba jina lake. Kama shafti yenu imeandikiwa chuma mlichokiunda wenyewe kwenye maktaba yenu ya malighafi ya .adsklib, na maktaba hiyo haikuongezwa kwenye mradi wa 2024, kipuri kinaweza kuzalishwa kwa malighafi ya kawaida iitwayo Generic. Umbo litakuwa sawasawa kabisa. Uzito ndio utakaodanganya: Generic ina densiti ya gramu 1 kwa sentimita ya ujazo, sawa na maji, wakati chuma ni gramu 7.85. Shafti ya kipenyo cha milimita 90 na urefu wa milimita 1,200, ambayo ni karibu kilo 60, itasomeka kilo 7.6. Mkipiga bei ya chuma kwa uzito huo, au mkichagua mnyororo wa kunyanyulia ngoma kwa uzito wa jumla wa asembli, hesabu yote imeharibika na mchoro hauoneshi kasoro yoyote. Kwa hiyo hamisheni .adsklib yenu kabla ya kuzalisha kipuri hata kimoja ndani ya 2024, iongezeni kwenye mradi, na jaribuni shafti moja kwa kulinganisha uzito na ule wa 2019.

Thredi nazo zina jedwali lake la Excel ndani ya Design Data, faili ambalo jina lake linaanza na Thread. Kama mliwahi kuongeza thredi zenu, tuseme za skrubu ya kukazia visu, msilifunike faili jipya kwa la zamani. Fungueni yote mawili, nakilini mistari yenu tu mwiingize kwenye jipya, katika karatasi ileile na mpangilio uleule wa safu. Vivyo hivyo jedwali la nafasi za matundu ya boliti.

Sasa boliti za DIN, kwa sababu ndizo mnazozitaja na ndizo zenye mtego. Ikitokea familia yenu ya DIN 931 haijaonekana, mtu huona ISO 4014 iko pale tayari, inafanana, anaibadilisha. Kwa M16 na M20 hakuna tofauti ya spana: 24 na 30 kwa viwango vyote viwili. Lakini M10 ya DIN ni spana 17, ya ISO ni 16. M12 ya DIN ni 19, ya ISO ni 18. M14 ni 22 kwa 21, na M22 ni 32 kwa 34, yaani hapo ya ISO ndiyo kubwa. Mafundi wa shambani wanabeba spana 19 kwa M12. Mkichora kwa ISO, duka likauza DIN, kichwa cha boliti kinaweza kugusa ukingo wa nyumba ya beringi ambapo kwenye skrini palikuwa na nafasi. Tafuteni familia yenu iliyopotea. Msikubali mbadala wa haraka.

Kabla ya kuwaruhusu wote waanze kazi, chagueni asembli moja halisi, si ndogo mno. Ngoma ya korona na shafti yake, beringi mbili za 22218, nyumba zake na boliti zake inatosha. Fungueni nakala yake, si ile ya asili. Angalieni kwamba hakuna kilichopotea. Jaribuni kubadili saizi ya boliti moja kutoka urefu wa 80 kwenda 100. Ikikubali, namba za utambulisho zimehama salama. Wekeni beringi mpya ya 22218 mpime: tundu 90, kipenyo cha nje 160, upana 40. Fungueni orodha ya vipuri muone kama namba za stoo na bei zimekuja kwenye safu zake. Pimeni uzito wa jumla. Kisha, mwisho kabisa, jaribuni amri ya kusasisha vipuri vya viwango, ile ya Refresh.

Refresh inahitaji uangalifu. Inalinganisha kila kipuri na maktaba, na penye toleo jipya la familia inabadilisha. Kama mwaka jana mlibadili muundo wa namba za stoo kwenye jedwali lakini michoro ya wakati huo ikabaki na namba za zamani, Refresh itazibadilisha zote, pamoja na za michoro ambayo mteja ameshasaini. Michoro iliyofungwa msiipitishe. Itumieni kwenye kazi zinazoendelea tu. Vipuri mlivyoviweka kwa namna ya "As Custom" haviguswi na amri hii, kwa sababu tangu siku ile vimekuwa mafaili ya kawaida ndani ya folda ya kazi, na vinahama pamoja na kazi hiyo.

Kama sehemu ya maktaba yenu imewekwa kwenye seva ya Vault (programu ya Autodesk ya kutunza mafaili ya michoro) badala ya folda, njia ni nyingine: seva yenyewe inapandishwa toleo kwanza, na maktaba zinahamishwa kupitia dirisha la msimamizi wa seva hiyo, baada ya kuchukua nakala kamili ya akiba. Msijaribu kunakili mafaili yake kwa mkono.

Kompyuta moja ya 2019 iacheni ikifanya kazi, ikiwa imekatwa kwenye mtandao wa seva ili isije ikaandika kwenye folda mpya, hadi asembli za mashamba yote mnayoyahudumia ziwe zimefunguliwa angalau mara moja ndani ya 2024 na kukaguliwa. Mteja mwenye 2019 akiomba mchoro baada ya hapo, mtumieni STEP (faili la umbo linalosomwa na programu nyingi za kuchorea) na PDF, maana .ipt yenu mpya hataweza kuihariri kama kawaida.